Jumatatu Themanini na Saba za Mtambo Namba Tatu

Jumatano ya tarehe kumi na moja Septemba, saa saba na dakika kumi na tisa mchana, nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimenyolewa upande wa kulia tu. Mashine ikanyamaza juu ya sikio langu. Feni ikazunguka mara tatu za uvivu, ikasimama. Redio ya duka la jirani ikakatika katikati ya tangazo la sabuni.

"Unarudi sasa hivi, mzee," kinyozi akasema.

Haukurudi. Umeme ulikatika nchi nzima, kutoka mpaka huu hadi mpaka ule, kwa saa saba na nusu. Nikaweka kofia kichwani, nikaenda zangu nyumbani.

Mimi sikusoma. Darasa la sita nilimaliza, la saba nililichungulia dirishani. Lakini nilifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye ukumbi wa mitambo wa kituo chetu cha makaa ya mawe, kwa hiyo kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshajua kilichotokea. Umeme wa nchi una mapigo, kama moyo. Mapigo hamsini kwa kila sekunde, wala hayatakiwi kuyumba. Ukiwa na mitambo mizito inayozunguka, njia moja ya umeme ikikatika, ule uzito unayashika mapigo mpaka mambo yakae sawa. Mkokoteni mtupu ukigonga jiwe unaruka. Ukiwa na magunia kumi unalipita tu. Wakubwa walikuwa wameifunga mitambo mizito yote ya makaa, wakaweka paneli za jua na vinu vya upepo, jambo jema kabisa, ila mkokoteni wakauacha mtupu. Siku hiyo ukagonga jiwe.

Jioni waziri akasema redioni kwamba ilikuwa hitilafu ndogo ya kiufundi. Ndogo! Nchi nzima imelala chali, yeye anasema ndogo. Kesho yake mkurugenzi wa shirika la umeme akatoa dawa yake: boila za kituo chetu ziwashwe tena kabla ya mwisho wa mwezi. Jua limeshindwa, akasema, turudi kwenye makaa.

Niliposikia hivyo nilikaa kitako juu ya ndoo iliyofunikwa.

Nieleze. Nyumba yetu ya kituo ilikuwa chini ya bomba la moshi. Mke wangu aliishi hapo miaka ishirini na sita. Alianika shuka nyeupe, akaanua za kijivu. Chujio la moshi liliharibika, wakubwa wakaandika kwenye karatasi zao kwamba limetengenezwa, na karatasi zikapita meza zote. Kifua cha mke wangu hakikusoma karatasi. Mwisho alikuwa hawezi kutoka kitandani mpaka dirishani bila kupumzika njiani, akishika kiti, akishika ukuta, akiniambia kwa utani kwamba safari hiyo inahitaji kituo cha kubadilisha gari. Kituo kilifungwa Januari mwaka juzi. Yeye alifariki Juni ya mwaka huohuo. Aliwahi kuona anga safi kwa miezi mitano.

Sasa walitaka kuwasha tena.

Ijumaa mchana binti yangu akaja. Yeye ni mhandisi kwenye chumba cha kuongozea gridi ya taifa, na siku ile ya Jumatano zamu ilikuwa yake. Alikuwa hajalala, macho mekundu, viatu ameviacha mlangoni kimoja huku kimoja kule.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

Akanitazama kichwani. Nilikuwa nimesahau kofia, na kwa kinyozi sikuwa nimerudi. "Baba! Nani kakufanyia hivyo?"

"Wewe. Ulizima umeme nikiwa kwenye kiti."

Alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Nikamwacha amalize, nikamwekea chai. Alikuwa ameandika onyo mara mbili, Machi na Mei, kwamba nchi inakaribia kukosa uzito. Mara zote mbili alijibiwa kwamba hoja yake imepokelewa kwa shukrani.

"Sasa wananiambia moto ndio uliokosekana," akasema. "Baba, si moto. Ni uzito tu. Jenereta ya namba tatu pale kwenu ina shafti ya tani arobaini na mbili. Tukiitenganisha na upande wa mvuke, tukaizungusha kwa mota mpaka ifike kasi, tukaiunga na gridi, basi gridi yenyewe itaendelea kuizungusha. Hailishwi makaa hata kijiko. Kazi yake ni kuwa nzito tu, izunguke."

"Kama mkurugenzi wenu."

"Yeye hazunguki." Akanywa chai. "Ila haiwezekani. Mtambo mpya wa aina hiyo ukiagizwa nje ni miaka miwili na nusu. Na namba tatu imekaa karibu miezi ishirini bila kuguswa. Shafti nzito vile ikilala tu bila kugeuzwa inalegea katikati kama kamba ya nguo. Ikishapinda, ukiizungusha itavunja nyumba. Jumanne wanakuja kupima, lakini kila mtu anajua watakachokuta. Wakiikuta imepinda, Jumatano boila zinawashwa."

Nikaiangalia chai yangu. Sijui kwa nini niliona aibu, kama mtu aliyekamatwa akiiba.

"Haijakaa," nikasema.

"Nini?"

"Namba tatu. Haijakaa bila kuguswa. Inageuzwa kila Jumatatu."

"Inageuzwa na nani?"

"Na mimi. Na Kobe."

Kobe ni mwenzangu wa kazi tangu ujana, fundi wa kupaka mitambo mafuta pale kituoni. Tulimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kukimbia hata siku moja, hata siku bomba la mvuke lilipopasuka. Alitembea mpaka mlangoni, akageuka, akarudi kuchukua chakula chake.

Binti yangu aliweka kikombe chini taratibu. Ikabidi nimsimulie yote.

Siku ya kufunga kituo nilimuuliza meneja nani ataendelea kugeuza shafti. Sisi tangu zamani, mtambo ukisimama zaidi ya siku chache, lazima ugeuzwe nusu mzunguko, ili upande uliokuwa chini uwe juu. Meneja akanipiga begani. "Mzee, hicho sasa ni chuma chakavu. Nenda ukapumzike." Jumatatu ya kwanza ni hasira ndiyo iliyonipeleka. Mlinzi wa geti la nyuma alikuwa zamani mpakia makaa, akafungua bila kuuliza. Ukumbi mzima kimya, njiwa wameshaanza kuhamia. Kobe nikamkuta yumo ndani tayari, amekaa juu ya kopo la mafuta.

"Umechelewa," akaniambia.

Hatukuwa na umeme. Kobe alisukuma pampu ya mkono mpaka mafuta yaingie chini ya shafti na kuiinua kidogo, kidogo sana, unene wa karatasi. Mimi nikachomeka mtaimbo wa mita mbili kwenye tundu la kiungo na kuvuta. Tani arobaini na mbili. Mwanzo unadhani unavuta nyumba. Halafu inakubali, taratibu, kama ng'ombe anayeamka. Tunaweka alama ya chaki: leo juu, Jumatatu ijayo chini. Saa moja na nusu ya kazi, jasho, matusi mawili matatu ya kirafiki, tunafunga, tunaondoka.

"Kwa nini, baba?" akauliza.

"Hakuna aliyekuja kunionyesha sababu ya kuacha."

"Na mama alipoumwa sana?"

"Alikuwa ananifukuza. Anasema nikikaa ndani naongea sana."

Kuna moja sikumwambia siku hiyo, nikamwambia baadaye. Mazishi ya mama yake yaliangukia Jumatatu. Kobe hakuonekana. Watu wamejaa, kaburi limeshafukiwa, Kobe hayupo. Moyoni nikamfuta urafiki. Alikuja mchana, akitembea mwendo wake uleule, akanipa mkono. Ulikuwa unateleza. Nikatazama: mafuta ya mtambo mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameigeuza bila mimi, yeye na mlinzi. Tulisimama tu vile tumeshikana mikono, mafuta yakaingia kwenye shati langu la mazishi na hayajatoka hadi leo.

Jumanne wakaja. Wapimaji wawili kutoka makao makuu na sanduku lao la vyuma, mkurugenzi mwenyewe na kofia mpya kabisa ya kinga, karatasi ya bei bado imebandikwa, na binti yangu. Mimi na Kobe tuliingia kwa geti letu.

Kipimo chenyewe ni kidogo, kama saa ya mfukoni yenye mshale mmoja na kidole cha chuma. Kidole kinagusa shafti, shafti inageuzwa, mshale unasema imepinda kiasi gani. Mwisho unaoruhusiwa ni sehemu tano kati ya mia za milimita moja. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hivyo. Kobe akapiga pampu, mimi nikavuta mtaimbo, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kufanya hivyo. Mshale ukapanda, ukaruka, ukashuka, ukaruka tena.

"Thelathini na moja," mpimaji akasema.

Niliuona uso wa binti yangu ukifungwa kama duka.

"Basi," mkurugenzi akasema, na sauti yake haikuwa na huzuni hata ya kuombea chumvi. "Tulijaribu. Wahandisi, andaeni boila."

Jumatatu themanini na saba. Niliwaza bomba la moshi. Niliwaza shuka. Nikasikia Kobe ananong'ona nyuma yangu, bila haraka, "Kwani hawa wanapima nini?"

Nikasogea. Kidole cha kipimo kilikuwa kimekaa kwenye kipande cha shafti kilicho wazi, karibu na kiungo. Kipande hicho siku zote huachwa chuma kitupu, kinang'aa kama kijiko. Sasa kilikuwa cha rangi ya fedha. Rangi! Nikakumbuka: wiki ya kufunga kituo, kwa kuwa waziri anakuja, meneja aliamuru kila kitu kipakwe rangi. Wakapaka ngazi, wakapaka mabomba, wakapaka mawe ya njiani, na nilipowakuta na brashi juu ya shafti nilipiga kelele hadi nikatolewa nje. Kugeuza hakukuhitaji kipande hicho, kwa hiyo sikukifikiria tena. Na rangi ya brashi ina mabonde na vilima.

"Mnapima rangi," nikasema.

Mkurugenzi akageuka. "Huyu nani? Nani amemruhusu kuingia?"

"Geti," Kobe akamjibu.

"Mzee, hiki ni kipimo cha kitaalamu."

"Nimekisikia. Kimepima kitaalamu rangi ya waziri. Chuma kiko chini yake."

Mpimaji mmoja akainama, akakwangua kwa ukucha. Kipande cha rangi kikatoka kama ganda la kidonda. Akamtazama mwenzake. Mkurugenzi akaanza kusema habari za muda, za ratiba, za agizo lililokwishatoka. Hapo binti yangu akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti ya mama yake siku ya kugawa nyama:

"Huyu ni baba yangu. Ndiye aliyeitunza shafti hii wakati nyinyi mmeiandika chakavu. Mtampa petroli na kitambaa, na mtamsubiri."

Walisubiri. Dakika arobaini mimi na Kobe tulisugua shafti kama watu wanaomwogesha mzazi wao, mpaka ikarudi kung'aa na nikajiona uso humo, kichwa nusu nywele nusu upara. Nikafuta kwa kitambaa kikavu. Kobe akarudi kwenye pampu. Nikachomeka mtaimbo, nikavuta.

Mshale ukasogea kidogo. Ukatulia. Shafti ikazunguka yote, ikarudi kwenye alama ya chaki.

"Mbili," mpimaji akasema. Akavua miwani, akaivaa. "Tugeuze tena."

Tukageuza tena.

"Mbili."

Hakuna aliyepiga makofi. Mpimaji yule mwingine, mwanamke mtu mzima mwenye mvi, akaja akaweka kiganja chake kwenye shafti, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Wazee wangu, mmeiwekaje hivi miezi yote hii?"

"Kwa mkono," nikasema.

"Na matusi," Kobe akaongeza.

Boila hazikuwashwa. Wiki kumi na moja zilizofuata nchi iligawiwa umeme kwa zamu, mabwawa ya maji yakabebeshwa mzigo, watu wakanung'unika, nami nikanung'unika pamoja nao, maana kunung'unika najua. Mafundi wakaitenganisha jenereta na upande wa mvuke, wakaifungia mota ya kuanzishia. Mimi na Kobe tulipewa kofia na kitambulisho kilichoandikwa MGENI. Miaka thelathini na moja, halafu mgeni. Nilikivaa hivyohivyo.

Tarehe tatu Desemba, Jumanne, saa nne asubuhi, wakaiwasha mota. Binti yangu alikuwa kwenye chumba chake cha kuongozea gridi, kilomita mia mbili kutoka pale, tunamsikia kwenye spika ya simu. Shafti ikaanza. Nilichukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye nyumba ya bearingi inayobeba shafti, mpini kwenye sikio. Ndivyo tunavyosikiliza. Wataalamu walikuwa na skrini nne, mimi nilikuwa na bisibisi. Mizunguko mia tano kwa dakika. Elfu moja. Elfu mbili, hapo ndipo penye hatari, hapo shafti iliyopinda inaanza kugonga. Nikafumba macho. Nikasikia sauti moja tu, ndefu, laini, kama mtu anayembembeleza mtoto kwa kufumba mdomo. Elfu tatu.

"Baba," spika ikasema. "Inasemaje?"

"Iko salama, mama. Iunge."

Wakaiunga na gridi. Ukumbi ukatetemeka mara moja, kisha ukatulia, na mota ya kuanzishia ikazimwa, na namba tatu ikaendelea kuzunguka. Hakuna moto. Bomba la moshi nje limesimama tu, halitoi hata pumzi.

"Sasa naikata ile njia ya umeme iliyotuangusha Septemba," binti yangu akasema. "Makusudi. Jiandaeni."

Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama karibu na wapiga picha, akasogea karibu na mlango.

Akaikata. Pale ukutani, mshale wa kipimo cha mapigo ukaanguka kutoka hamsini: arobaini na tisa nukta tisa, nukta nane, nukta saba. Nikasikia kwenye bisibisi namba tatu ikinguruma kidogo, kama mbeba mizigo anayeongezewa gunia. Mshale ukasimama. Ukakaa hapo. Kisha betri kubwa za kuhifadhia umeme wa jua zikaitika, vinu vya upepo vikaitika, ukaanza kupanda, nukta nane, nukta tisa, hamsini.

Nchi nzima hakuna aliyejua. Kuna mtu alikuwa anapasuliwa hospitalini, kuna mtu alikuwa anapiga pasi, kuna watoto walikuwa darasani, na hakuna taa iliyopepesa hata jicho. Sijawahi kujivuna maishani kama nilivyojivuna kwa jambo hilo ambalo hakuna aliyeliona.

Nikageuka nikamwona Kobe anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Vumbi la makaa," akasema.

"Makaa gani? Humu hakuna makaa mwaka wa pili sasa."

"La zamani. Lilikuwa linasubiri."

Siku ya arobaini na moja leo ninapoandika haya. Siku arobaini na moja nchi hii haijachoma makaa wala mafuta kupata umeme, usiku wala mchana. Binti yangu amepewa cheo, na onyo lake la Machi limepigwa chapa upya likiwa na jina la mkurugenzi mbele. Sisi wazee tulialikwa kwenye sherehe ya makao makuu, ukumbi wa zulia, viti vyenye vitambaa. Mkurugenzi alihutubia dakika hamsini juu ya maono yake. Alisema mtambo namba tatu ulikuwa sehemu ya mpango wa shirika tangu mwanzo. Kisha mshereheshaji akanipa kipaza sauti, dakika mbili, nitoe shukrani.

Nilisimama. Kobe alinivuta koti, nikalivuta likaachia. Binti yangu alikuwa safu ya mbele, naye aliniangalia bila kunizuia. Nikamshukuru mlinzi wa geti la nyuma, ambaye hakualikwa. Nikamshukuru Kobe. Halafu nikamgeukia mkurugenzi na nikamuuliza swali moja. Akakohoa. Mshereheshaji akacheka, akaagiza muziki. Baadaye nikaliandika swali hilohilo kwa barua, binti yangu akanisahihishia herufi, nikaipeleka kwa mkono mwenyewe, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Wiki ya tatu hii. Nimepita pale mara mbili na mara zote mbili karani ameniambia kwamba mhusika yuko kikaoni.

Kwa hiyo naliweka hapa, alione kila anayesoma, na yeyote mwenye jibu anipatie. Mlifunga mitambo yote mizito ya nchi hii, mkatulipa kiinua mgongo, mkatuambia tukapumzike: je, wazee wale wawili wangewasikia wakabaki nyumbani, nyinyi mlikuwa mmepanga kutumia nini kuyashika mapigo?